Bangkok–Singapore: mbona kwenda saa tatu na kurudi saa moja?

SWALI: Kaka mambo, nauza nguo Kariakoo, mwezi ujao nafata mzigo Bangkok halafu naruka Singapore mara moja. Simu inasema ni kilomita kama 1,400 na ndege inakimbia 900 kwa saa, si saa moja na nusu tu? Mbona tiketi kwenda ni 10:00 kufika 13:25, wamenificha kituo? Na kurudi 14:30 natua Bangkok uwanja wa DMK 15:55, halafu ndege ya Dar ni 19:30 kutoka BKK. Aliyenikatia WhatsApp anasema muda upo. Singapore nina kikao saa nane.

JIBU: Hakuna kituo dada, na kikao sogeza hadi saa kumi. Hii hesabu ya kugawa kwa 900 naletewa kila siku jamani, 900 ni ndege ikishatulia kule juu, kabla ya hapo inasukumwa getini, inapanga foleni, inapanda taratibu, na ikikaribia Singapore inaweza kuzungushwa angani ikisubiri zamu, na muda wa tiketi ni geti mpaka geti.

Halafu kila saa kwenye tiketi ni ya mji wenyewe. Singapore wako mbele saa moja, kwa hiyo kwenda toa moja, kurudi ongeza moja, kote inakuja saa mbili na dakika 25. Kwa jua miji hii haipishani hata robo saa, ni vile tu Singapore walikuwa tayari mbele nusu saa, na mwaka 1982 wakasogeza saa yao mbele nusu saa nyingine wakiwafata Malaysia.

Sasa huyo wa WhatsApp ndo ananiudhi. DMK ni Don Mueang, BKK ni Suvarnabhumi, viwanja viwili tofauti, barabarani lisaa zima kama hakuna foleni, na saa kumi na moja jioni Bangkok foleni ipo. Ukitua kuna dirisha la pasi, kuna begi, na kaunta za safari za nje nyingi zinafunga dakika 60 kabla, yani una mpaka 18:30. Na kwa vile tiketi ni mbili mbali mbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la ndege ya pili halikudai wala hulidai, unanunua tiketi upya. Hawa watu wanaunganisha bei rahisi kwenye simu, wanakutumia skrinshoti, wakishapokea hela hawapokei simu. Nina mteja alilala uwanjani siku mbili na mabegi manne ya mzigo.

Tena hawakuulizi viza! Ukitoka Thailand kwenda Singapore, viza ya kuingia mara moja imeisha hapo, na ili ufike BKK kutoka DMK lazima uingie nchini tena. Fungua viza yako sasa hivi uangalie imeandikwa kuingia mara ngapi. Kama ni moja, omba kibali cha kurudi kabla hujatoka Bangkok. Na tiketi ya kurudi kutoka Singapore ibadilishe itue BKK asubuhi.