Ni ndoa au ni karo?

"Shangazi, nimeolewa miaka tisa na dereva wa malori, analipwa kwa safari. Siku hizi hanipendi. Februari alirudi amenuna, tukagombana, akaondoka usiku bila kuaga. Mwisho wa Mei hivyohivyo. Septemba majirani walikuja kutuamulia. Ssenga wa rafiki yangu, yule shangazi wa kushauri mambo ya ndoa, ameniambia nifungashe. Nivunje ndoa au nivumilie?" – Mama wa Watatu, Busia, Uganda

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikaizungushia ile miezi: Februari, mwisho wa Mei, Septemba. Itazame kalenda ya shule zetu za Uganda. Ndiyo mihula mitatu inapofunguliwa! Nawe una watoto watatu, na lori likikwama kwenye foleni ya mpakani Malaba, dereva wa kulipwa kwa safari hana kitu mfukoni.

Umeniuliza kuhusu ndoa ya miaka tisa. Mzigo huo hamwezi kuutua kwa siku mbili anazokuwa nyumbani. Ninachokiona mimi ni wiki moja ya ukata, mara tatu kwa mwaka. Hujaandika kwamba anakupiga, wala kwamba ana mwingine. Ungeandika hivyo, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. (Mimi nami niliwahi kuhama nyumba kwa ajili ya panya. Nilihama nao, wamo kabatini.)

Ila tatizo hili usilipunguze kupita kiasi. Ukikopa karo kimyakimya muhula ujao, ugomvi utatulia kidogo, kisha muhula wa baada yake utakukuta na karo na deni juu yake. Jambo ambalo barua yako haikulitaja popote ni nyinyi wawili kukaa na kujumlisha: karo ya watoto wote, sare, madaftari, hata ile sukari na sabuni ya anayelala bweni. Gawanyeni kwa wiki zilizobaki, na fungu la kila wiki liende kwenye kikundi cha akiba. Mhasibu wa shule naye aulizwe mapema kama anapokea kidogokidogo, si asubuhi ile mtoto amerudishwa getini.

Ssenga wa rafiki yako mpe salamu zangu, ila nguo zisifungashwe.

Mzee akirudi, ale kwanza. Kisha mpe karatasi yenye hesabu ya mihula mitatu, bila hotuba, umwache aisome. Akinuna hata mbele ya hesabu hiyo, niandikie tena. Hapo ndipo tutazungumza habari za ndoa.

Shangazi