Kabla Hujaandika Tarehe Kwenye Tamthilia, Fungua Kalenda

Kwenye tamthilia tunazopiga hapa Dodoma, kazi yangu ni kutunza mwendelezo: nguo, vidonda, nywele, na tarehe. Nguo kila mtu anaziangalia. Tarehe ndizo zinazoponyoka, kwa sababu mwandishi huziweka kama pambo. Mhusika anafungua barua, kamera inasogea karibu, kisha hadithi inaendelea. Mtazamaji wa Area C mwenye rimoti mkononi anasimamisha picha na kusoma.

Ushauri wangu: kama hadithi haihitaji tarehe, usiiweke. Ukiiweka, chagua mwaka wa kweli na uishi ndani yake.

Niliwahi kupewa skripti ya mtumishi anayehamishwa kutoka Dar es Salaam, barua yake ikiwa ya Jumatatu tarehe 25 Julai 2016. Siku na tarehe vinalingana kabisa. Ila 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na ni mwezi huohuo Rais Magufuli alipotangaza Serikali kuhamia Dodoma. Masjala gani ina kasi hiyo? Tukaisogeza barua hadi Novemba. Kumbe bado: mhusika alikuwa anashuka kwenye treni ya SGR, iliyoanza kuleta abiria hapa mwaka 2024. Akapandishwa basi. Halafu angalia na namba za magari barabarani; herufi zake zinakwenda kwa mpangilio, na gari lenye namba ambayo herufi zake zinaanza na E halina la kufanya mwaka 2016.

Tatizo kubwa zaidi, kwangu, ni majani. Tunapiga kwa kufuata eneo, si kwa kufuata hadithi, kwa hiyo mambo yote ya nyumba moja ya Hombolo yanapigwa wiki moja. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ukipiga Februari kisha ukasema ni Nane Nane, kila aliyewahi kula vumbi la viwanja vya maonyesho vya Nzuguni mwezi wa nane atacheka. Zabibu hazikuokoi wala kukuumbua, maana zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kama huwezi kusubiri kiangazi, piga ndani ya nyumba na funga mapazia.

Mimba na misiba vihesabu kwa kidole kwenye kalenda. Hasa eda, muda ambao mjane wa Kiislamu anasubiri kabla ya kuolewa tena. Mume akizikwa ndani ya Ramadhani, mjane asiye na mimba hawezi kuolewa kabla ya Idi ya kuchinja: kati ya Idi mbili kuna kama siku 70, na eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Ukitaja mwaka, kumbuka pia Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2016 ilianza Juni, 2024 ilianza Machi. Waandishi wengi hudhani imekaa palepale kama Krismasi.

Jedwali lako liwe na tukio, siku, tarehe na umri wa kila mhusika, na nakala apewe anayeandaa vifaa, maana ndiye anayechapa barua na kuchora msalaba wa kaburi.

Na kama kosa limesharushwa hewani, usilitibu kwa kuonyesha tarehe nyingine. Ondoa tarehe kwenye vipindi vinavyofuata. Maneno kama "wiki ile" yanaweza kurekodiwa upya studio bila kumrudisha mtu kwenye seti.