Mama yako anakwenda kupasuliwa moyo? Nisikilize mimi niliyerudi

Juzi dada mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba mama yake amepangiwa kubadilishiwa valvu ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, huko Dar es Salaam, na ndugu wanamwambia akirudi ameshapona, kazi imekwisha. Nimekaa na ujumbe ule siku mbili. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Nilipasuliwa Februari 2024 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Valvu yangu iliharibika kwa mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, nikawekewa ya bandia. Usiku nyumba ikitulia naisikia inagonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Kitinda mimba wangu hunilalia kifuani akihesabu mpaka usingizi umchukue.

Siku ya tatu mapigo yalivurugika, nikajua nakufa. Muuguzi akaniambia wengi huwatokea siku za mwanzo, nikapewa dawa, yakatulia. Kilichokaa ni kulia bila sababu, wiki kwa wiki, na hilo hakuna aliyenitahadharisha. Nyumbani Lindi shemeji alinikuta nimekaa barazani wenzangu wakiwa shamba, akasema nadeka. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya, unahitaji miezi miwili mitatu kuunga, mtu anasema nadeka! Sijalisahau.

Mei mwaka huohuo nilikuwa njiani kwenda kliniki. Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika Somanga, basi likageuza. Kifua kilikuwa kinauma, nikaingia zahanati moja nikachomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Hawakuuliza natumia dawa gani, nami sikusema kwamba natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kesho yake jioni paja lilikuwa limevimba, damu imevilia, weusi umeshuka hadi nyuma ya goti, na nikipiga mswaki natema damu tupu. INR, kile kipimo cha kuganda kwa damu, kwangu hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ilisoma 7, yaani damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Nililazwa siku tano.

Kwa hiyo dada, semeni! Mama akiwekewa valvu kama yangu atameza wafarini maisha yake yote, na kila atakayemshikia sindano lazima ajue. Andika kwenye karatasi, ikae kwenye pochi yake. Ameze saa ileile kila jioni, kwani akiacha damu inaganda kwenye valvu, na donge likikimbilia kichwani ni kiharusi. Kisamvu asiache, ale kiasi kilekile kila wiki; majani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, na hatari ni kukaa mwezi bila kula halafu siku ya shughuli ajaze sahani. Dawa za mizizi, hata zikiletwa na shangazi, zikataeni. Jino likimuuma aseme ana valvu bandia kabla hawajaling'oa, apewe antibiotiki kwanza, maana wadudu wa mdomoni wanaweza kwenda kukaa hukohuko moyoni.

Na nauli ya kliniki itengeni korosho zikiuzwa. Sisi watu wa Kusini tunachangiana unyago bila kuulizana mara mbili, lakini nauli ya mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa tunaona mzigo. Nimeuza vitenge vyangu kwa ajili ya nauli hiyo. Tuache.

Akitolewa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, niandikie, hata usiku wa manane. Na akipewa mto wa kukumbatia wakati wa kukohoa, aubane kifuani kwa nguvu. Wangu bado ninao kitandani.