Kwa dada wa mimba ya miezi mitano: uzito wako na unene wa mtoto

Dada yangu, umesema ulianza mimba na kilo 82, urefu mita 1.60. Nesi kakwambia usiongeze sana, mama mkwe anakupakulia chakula cha watu wawili, nawe waogopa mtoto asije akawa mnene. Ndiyo, uwezekano huongezeka mama akianza mimba na uzito mkubwa au akiongeza kupita kiasi. Lakini si lazima iwe hivyo.

Gawanya 82 kwa 1.60, kisha tena kwa 1.60: utapata 32, ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Kwa mwongozo wa Marekani wa 2009, aliyeanza na BMI ya 30 au zaidi huongeza kilo 5 hadi 9 mimba nzima. Shoga yako mwembamba anaruhusiwa zaidi, usijipime naye.

Sukari ya damu yako hupita kwenye kondo la nyuma. Insulini yako, homoni inayoshusha sukari, haipiti. Ikizidi sukari, mtoto hutoa insulini yake kwa wingi, na ile ziada huigeuza mafuta. Kwa hivyo usikose kipimo cha sukari cha wiki ya 24 hadi 28.

Mimi mimba ya pili nilinyweshwa glukosi gramu 75 na tumbo tupu, utamu wa kukwama kooni, na sukari ikaonekana iko juu. Sikujinyima chakula. Asubuhi mbaazi sikuziacha, ila tui jepesi, hamri moja badala ya matatu, na chai kavu bila sukari. Mchana nusu ya sahani mchicha, samaki wa kupaka, wali kidogo. Jua likipoa tukitembea na wifi yangu mpaka ufukwe wa Mama Ngina, hapa Mombasa, na kurudi. Mtoto alizaliwa na kilo 3.3.

Tafadhali usinywe dawa za kupunguza mwili wala kushinda njaa. Mtoto akikosa lishe tumboni, hilo nalo lina madhara yake.

Mama mkwe usibishane naye, anakupenda. Wangu nilimwomba anisindikize kliniki, akamsikia nesi kwa masikio yake. Tangu siku hiyo alinitilia samaki kwanza, wali baadaye.

Akizaliwa, mnyonyeshe maziwa yako peke yake miezi 6, na juisi usimtilie kwenye chupa hata akisifiwa mashavu. Kliniki ijayo mwulize nesi umebakisha kilo ngapi, akuandikie kwenye kijitabu.