Feni haiondoki, hata ikipiga kelele

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, kwetu ni Langoni, Lamu. Nachora makao ya wanaanga wanne wa kwenda Mirihi, kwa ajili ya mashindano ya chuo. Nimesoma kwamba wanaanga husumbuliwa sana na kelele za feni, kwa hiyo nimeziondoa zote. Mahali pake nimeweka kiwanda katikati, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za Lamu, ili hewa ya joto ipande na ya baridi iingie yenyewe. Jamaa mmoja anayeuza mafunzo ya usanifu mtandaoni ameniambia inawezekana kabisa, na kelele za mitambo mingine nizizime kwa kubandika sponji ukutani. Kila mtu nimempa mita za ujazo 25. Je, zinatosha? Na kiwanda changu kitafanya kazi?

JIBU: Marahaba, binti. Mita 25 ni sawa. Ndicho kiwango cha chini ambacho jopo la wataalamu walioitwa na NASA, shirika la anga la Marekani, lilikipendekeza kwa safari ya Mirihi, kwa hiyo hapo usipoteze usiku wako. Kiwanda hakitafanya kazi hata kidogo. Tena ukikijenga ulivyokichora, watu wako wanne wataumwa na kichwa usiku wa kwanza, na huenda wengine wasiamke.

Si wewe peke yako. Sisi wa Malindi tumekaa jirani na Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililo baharini, tarehe 12 Desemba 1970, na vijana wa pwani hii wanapenda mambo ya anga. Wananiletea michoro mizuri sana, na karibu kila mchoro umekosa feni. Wamefundishwa kuwa starehe ni kile kinachoonekana kwenye picha: dirisha pana, kochi la ngozi, taa za rangi ya asali. Hewa haipigwi picha, basi inasahauliwa.

Kiwanda cha Lamu kinapumua hasa kwa sababu ya uzito. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, ile nzito ya baridi inajipenyeza chini yake na kuisukuma juu, nawe uliyekaa kwenye msana, ule ukumbi ulio wazi upande wa kiwanda, unapata upepo. Ukiwa njiani kwenda Mirihi hakuna juu wala chini. Hewa ya joto na ya baridi zinakaa ubavu kwa ubavu, hakuna inayomsukuma mwenzake. Mshumaa umewahi kuwashwa angani kwa majaribio: mwali wake haukusimama kama tunavyouona nyumbani, ulijikunja ukawa kitufe kidogo cha buluu, kwa kuwa moshi wake haukupanda wala hewa mpya haikuja kutoka chini.

Sasa mwondoe mshumaa, umweke mtu aliyelala. Mtu mmoja hutoa karibu kilo 1 ya hewa ya ukaa kwa siku. Akishatulia usingizini, pumzi yake haiendi popote. Inamzunguka uso, naye anaivuta tena, na tena. Ndiyo maana kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kila chumba cha kulala, na vyenyewe havizidi kabati la nguo, kina feni ya kupitisha hewa kichwani pa mlalaji usiku kucha. Hata kwa feni hizo zote na mitambo ya kusafisha hewa, mara nyingi hewa ya ukaa mle ndani imekuwa karibu mara kumi ya hii tunayoivuta huku nje, na wanaanga wamelalamikia maumivu ya kichwa. Wewe unataka kuziondoa?

Huyo aliyekuuzia mafunzo ninaijua hila yake, kwa maana wenzake wanaitumia sana. Wanatengeneza chumba cha mfano, wanazima feni, wanakwambia lala usikie utulivu. Nawe unalala salama, unaamka umechangamka, unatoa pesa. Hukuambiwa kwamba mvutano wa dunia umefanya kazi ya feni usiku mzima bila malipo. Nilipoanza kazi hii nililala siku mbili kwenye chumba cha namna hiyo, nikaandika kwenye ripoti kuwa ni chumba tulivu kuliko vyote tulivyojaribu. Mkubwa wangu aliirudisha ameandika pembeni swali moja tu: "Pumzi yako iliondolewa na nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninawauliza wanafunzi swali hilohilo.

Kelele yenyewe ni kweli, sikatai. Kiwango kinachotafutwa ni takribani desibeli 50 mahali pa kulala na 60 hivi mahali pa kazi, na kukifikia ni jasho. Lakini kelele huuliwa pale inapozaliwa. Chukua feni kubwa izunguke polepole, usichukue ndogo inayolia kama nyuki. Iweke mbali na vichwa, ikae juu ya mpira ili mtetemo usipite kwenye ukuta, halafu hewa yake ipite kwenye bomba lenye kona mbili tatu kabla haijafika kitandani. Ukipima, weka maikrofoni pale sikio litakapokuwa, usiiweke katikati ya chumba ambako hakuna anayelala. Na mashine ya mazoezi uisogeze mbali na vyumba, maana kila mmoja anaitumia kama saa mbili kwa siku, na si wote watalala wakati mmoja.

Kochi litoe. Mwili usio na uzito haukalii kitu. Magoti hujikunja kidogo, mikono huelea mbele kifuani, na mtu anahitaji pa kushikiza nyayo tu. Dirisha moja litatosha, kwa kuwa baada ya wiki chache Dunia itakuwa nukta. Maji na chakula vipange kuzunguka vyumba vya kulala, visaidie kukinga mionzi.

Na nyumba ya Lamu usiitupe. Ulichukua kutoka kwake kitu kisichofaa. Vyumba vyetu ni vyembamba, boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, na bado watu wameishi humo vizazi na vizazi bila kubanana roho. Siri ni mpango. Mgeni anaishia daka, kile kibaraza cha mlangoni. Anayekaribishwa anafika kiwandani, jamaa wanaingia msana, na ndani ni kwa wenyewe. Kila hatua unaacha watu nyuma. Watu wanne watakaotazamana usoni miezi sita mpaka tisa, kwenda tu, wanahitaji ngazi hizo kuliko mita nyingine kumi. Wape mahali pa kula wote pamoja na mlango wa kujifungia kila mmoja. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nazo zitakufaa, kwa sababu kitu kisicho na mahali pake angani huelea mpaka kikanase kwenye wavu wa feni. Galina Balashova, msanifu wa Kisovyeti aliyechora ndani ya chombo cha Soyuz na kituo cha anga cha Mir, alipaka sakafu kijani iliyokolea na dari nyeupe ili macho yapate chini na juu ambavyo mwili umevipoteza. Huo ndio urembo wenye kazi.

Nimeacha sponji mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu upesi. Sponji ya godoro inashika moto kama petroli na moshi wake ni sumu. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Apollo 1, Grissom, White na Chaffee, walikufa ndani ya chombo kikiwa bado ardhini, kwenye majaribio. Kulikuwa na oksijeni tupu, na nyavu za nailoni na vipande vya Velcro, ule utepe wa kunasana, vilivyobandikwa kila mahali kwa ajili ya kurahisisha maisha ya ndani. Tangu hapo kitambaa, gundi na rangi vinachomwa maabara kwanza, na mvuke wake unapimwa, ndipo viruhusiwe kuingia.

Wala si mambo ya angani pekee. Mwaka 2003 klabu ya usiku huko Rhode Island, Marekani, iliungua kwa sababu ya sponji ya kuzuia sauti iliyopata cheche za fataki: watu 100 walikufa. Mwaka 2013, tarehe ileile 27 Januari, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, ikaungua vilevile: 242. Na hapa kwetu kila kijana anayefungua studio ya muziki anaambiwa na fundi anunue magodoro, ayakate, ayabandike ukuta mzima na dari, mlango ni mmoja na dirisha limezibwa. Mwaka jana niliitwa kwenye studio moja hapa mjini kushauri kuhusu mwangwi. Nilikata kipande cha sponji kama kidole gumba, nikatoka nacho uani, nikakiwasha kwa kiberiti mbele ya mwenye studio. Kabla sijafika kumi kuhesabu kilikuwa kinadondosha matone ya moto kwenye mchanga, na moshi mweusi ulimfanya arudi nyuma mpaka ukutani. Jioni hiyohiyo tulianza kubandua, tukamaliza saa nne usiku.