Barua kwa mwanangu: Ticha na chujio la chai

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusikiliza jana usiku mara mbili. Nimeona nikuandikie, maana nikijibu kwa sauti nitaanza kulia bure. Umeuliza: "Mama, yule Ticha Mmarekani aliwezaje kukaa kijijini kwetu miaka miwili, wakati mimi hapa Wisconsin, Marekani, kufundisha Kiswahili na kusoma, miezi mitatu tu nimeshachoka roho?"

Kwanza nikurekebishe: miwili hakumaliza. Alifika mwishoni mwa 2018. Halafu wewe ulikuwa chuoni Dodoma, ulimwona likizo tu, akiwa ameshanyooka. Mwanzo wake hukuuona.

Alipewa ile nyumba ya walimu iliyopakana na kwetu. Peace Corps, lile shirika la Wamarekani wa kujitolea lililomleta, walikuwa wameshamfundisha Kiswahili akikaa na familia kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo shikamoo aliijua, na kufua kwa mikono alijua. Lakini wazee wa hapa walimpokea kwa "kamwene", salamu ya Kibena, ambayo kwenye daftari lake haikuwemo. Na hakuna aliyeamini kuwa ni Mmarekani. Wazazi wake walihamia California kutoka Korea, basi watoto njia nzima "Mchina! Mchina!" Mzee mmoja pale gengeni alimuuliza barabara yetu itawekwa lami lini. Alicheka. Usiku hakucheka. Kuta za nyumba zile unazijua, nilimsikia.

Kwa ninavyoona mimi, alikuja amejitosheleza mno. Alishuka Makambako siku moja akanunua kila kitu: ndoo, jiko la mkaa, sufuria tatu, jembe, hata ungo, na kupepeta hajui. Nikimpelekea viazi, kesho yake asubuhi bakuli limerudi, linang'aa, tupu. "Asante sana, Mama," mlango umefungwa. Nikamwambia baba yako, huyu mtoto anarudisha bakuli kama anarudisha kitabu cha maktaba.

Kazini nako palikuwa pazito. Fizikia, kidato cha kwanza, watoto 80 na kitu. Tangu ada ifutwe 2016 unajua madarasa yalivyofurika. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wanaingia sekondari wanakuta kila somo Kiingereza, tena cha puani cha California. Akiuliza kama wameelewa, darasa zima "Yees, sir!" Akikusanya madaftari, hakuna kitu. Ikabidi sheria za Newton aanze kuzieleza kwa Kiswahili chake kibovu, watoto wanamsahihisha ngeli, yeye anawasahihisha fizikia. Darasa likachangamka.

Na viboko. Mwalimu akishika fimbo ofisini, yeye alitoka nje akasimama chini ya mparachichi mpaka yaishe. Walimu wenzetu walisema anajidai. Mimi nilichukia kuliko wote, maana fimbo nyingine ilikuwa yangu. Sitasema zaidi, ila muhula uliofuata niliiacha nyumbani.

Kilichomgeuza ni baridi ya Juni 2019. Alikuja Afrika na fulana nyingi, na Njombe ya Juni unaijua, asubuhi majani ya viazi yameganda. Siku hiyo umeme umekatika, mkaa umemwishia, kiberiti kimeshika unyevu. Saa mbili usiku nasikia hodi. Amejifunga blanketi mpaka kichwani: "Mama, naomba moto." Nikamwekea makaa matatu kwenye kifuniko cha sufuria, nikamwonyesha anavyokibeba asiungue. Alivuka ule uwanja anayapuliza, polepole, kama mtoto aliyetumwa. Aliporudisha kifuniko alikuta chai mezani, akakaa mpaka saa nne.

Baada ya hapo akawa mwombaji kweli kweli. Leo chumvi, kesho ndimu, keshokutwa chujio la chai. Na sisi tukapata njia ya kwenda kwake: baba yako akaazima ile tochi ya kuvaa kichwani, mpaka leo anayo. Bakuli likaanza kurudi na mayai mawili. Pikipiki alikatazwa na shirika lake, akikutwa juu yake anarudishwa kwao, kwa hiyo alitembea kwa miguu, na unajua njia yetu hupiti bila kusalimia kila mlango. Kiswahili chake kilikomaa njiani. Koti alilinunua mnadani, mtumba, mgongoni lina jina la shule ya California. Nikamwambia, lilitangulia kukusubiri.

Machi 2020 ugonjwa ulipoingia, Peace Corps waliwaita wote warudi, karibu watu 7,000 dunia nzima. Wiki ile ile shule zikafungwa. Gari lilimchukua alfajiri. Kuku wake watatu alimwachia baba yako, madaftari ya kidato cha pili akaniachia mimi, hayajasahihishwa.

Sasa wewe. Kwenye picha uliyonitumia nimeona jiko lako: birika la umeme, sufuria mpya, kila kitu kimepangwa kama dukani. Na umesema jirani wa mlango wa pili humjui hata jina. Mimi sijui kama huko mtu anagonga mlango kuomba chumvi, labda wataita polisi, wewe ndiye uliyeko. Lakini umesema theluji imefunga njia na huna koleo la kuzolea. Usilinunue kwanza.

Jambo lingine. Ticha aliondoka na chujio langu, lilikuwa ndani ya sufuria yake tulipofunga mizigo. Namba yake nakutumia baada ya hii. Mpigie, mwambie Mama anauliza chujio lake. Najua California na Wisconsin si jirani, nimeangalia ramani. Akisema atalituma kwa posta, mwambie nimekataa, alilete mwenyewe.

Mama yako