Jibu: Mkono kuruka kabla ya kusikia moto

Mkuu, umeuliza toka huko Newala: mbona ukigusa karai la kukaangia korosho za kubangua mkono unaruka kwanza, maumivu yanafuata, tena mara mbili? Umechunguza vizuri, wengi hawalioni hilo la mara mbili.

Mkono hausubiri ubongo. Taarifa ya joto inapita kwenye neva hadi uti wa mgongo, na palepale misuli inapewa amri ya kujikunja. Taarifa nyingine inaendelea kupanda ubongoni, na huko ndiko "mama weee!" inakotoka, wakati kidole kimeshaondoka.

Sasa hayo maumivu mawili. Neva za maumivu ziko aina mbili. Zenye ala nyembamba ya mafuta hukimbiza taarifa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Huo ndio mchomo mkali wa kwanza. Zisizo na ala huenda mita 2 kwa sekunde au pungufu, mwendo wa mtu anayetembea tu. Toka kidoleni hadi shingoni ni karibu mita moja, kwa hiyo lile fukuto la pili lazima lichelewe.

Mafuta ya ganda la korosho ni kesi nyingine, yale hubabua ngozi hata yakiwa ya baridi.

Ukiungua, maji safi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno waachie wenye meno.